Nadhiri Juu ya Raba Mbili

Delmira Ghilardi alipoweka nadhiri yake hakufikiria habari za injini. Nani angefikiria? Mumewe, Nazareno, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi ya silo la ngano, na sasa ilikuwa siku ya tisa yuko kitandani hospitalini, hajafumbua jicho. Delmira alikaa pembeni, rozari mkononi, midomo imemkauka kwa sala. Ndipo alipomwambia Bikira wa Luján maneno haya: "Mama, mwinue huyu. Ukimwinua, atanileta kwako mwenyewe, kwa mkono wake, ndani ya ile kupe yake, kabla sikukuu yako ya mwakani haijapita."

Kupe, yaani gari lake la milango miwili, aliitaja makusudi. Alijua hicho ndicho kitu mumewe alichokipenda kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu, na nadhiri isiyogharimu kitu, mama yake alikuwa akisema, ni salamu tu. Siku ya kumi na moja Nazareno alifumbua macho. Akaomba maji. Alipokwisha kunywa akauliza kama kuna mtu aliyelifunika gari lake.

Hayo yalikuwa ya mwezi Juni. Sasa ilikuwa mwisho wa Aprili, majani ya miti ya barabarani yamekwisha kuanguka, machungwa madogo yameiva uani, na zilibaki siku kumi na moja ifike tarehe nane ya Mei, sikukuu ya Bikira. Nazareno alikuwa mzima, ila mguu wa kushoto ulimkazia asubuhi za baridi. Mgonjwa sasa alikuwa kupe.

Ilikuwa gari ya mwaka sabini na nne, milango miwili, rangi ya chungwa, mistari miwili myeusi juu ya boneti, na silinda sita. Nazareno aliiita Alazana, kama mtu anavyomwita farasi jike mwenye rangi ya kutu. Enzi zake iliweza kufika mjini Pergamino kabla sigara haijaisha mdomoni. Sasa ukiiwasha, injini inaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Ukitia gia, gu! Ukiachia klachi, gu! tena, na vikombe vya Delmira vinagongana kabatini jikoni, ingawa gari liko nje kwenye banda.

Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kutisha. Injini haikalii chuma kitupu. Inakalia raba mbili nene zilizoshikwa na vyuma, moja kulia na moja kushoto, ambazo mafundi huziita mauntingi. Zikiwa nzima, injini hutetemeka peke yake na abiria hana habari. Zikizeeka, kila kinachoitikisa injini kinawatikisa na waliomo. Za Alazana zilikuwa zimezeeka hata ukizibonyeza kwa kidole zinabaki na shimo, kama mkate wa juzi.

Jozi ya kwanza aliyoagiza Nazareno kutoka mji mkuu ilikuja ndani ya sanduku zuri, nayo ilikuwa ya injini ya silinda nne. Akairudisha. Wiki tatu zikapita. Jozi ya pili ikaja Jumatatu hiyo, tarehe ishirini na saba, na safari hii matundu yalilingana. Nazareno akapiga ishara ya msalaba, akaingia chini ya gari, na Delmira akaitwa ashike taa.

Kushika taa ndiyo kazi aliyoifanya Delmira kwa miaka thelathini na sita ya ndoa, na hakuna siku hata moja aliyoifanya vizuri.

"Mulika hapa."

"Ninamulika."

"Unanimulika puani, Delmira. Bolti haiko puani."

"Ungeniambia iko wapi ningejua."

"Iko hapa!"

"Hapa ni wapi? Mimi naona miguu tu."

Injini ilikuwa imeinuliwa kwa jeki, kipande cha ubao katikati ili tangi la oili lisibonyee. Raba za zamani zilitoka kwa shida, za hiyo jozi ya pili zikaingia kwa urahisi mno, na Nazareno akaanza kuishusha jeki polepole, akihesabu kwa sauti kama mtu anayemlaza mtoto. Uzito ulipozikalia zile raba, Delmira alisikia krrr, mlio mdogo mkavu. Halafu kutoka chini ya gari likaja neno ambalo Delmira aliliombea msamaha papo hapo, kwa niaba ya mumewe.

Raba zilikuwa mpya kwa maana ya kwamba hazijapata kutumika. Lakini zilikuwa zimekaa kwenye rafu ya mtu labda miaka ishirini, zikakauka, na sasa zilipasuka kama biskuti.

Olindo, mdogo wake Delmira, ndiye aliyekuja wakati huo akivuka barabara na birika la maji ya moto na kibuyu cha yerba, ile chai chungu ya kunyonywa kwa mrija. Alikuwa mwuza nyama, mwenye sharubu nene na kicheko cha karibu. Aliitazama raba iliyopasuka, akanyonya mrija, akampa dada yake kibuyu.

"Shemeji," alisema akiinamia miguu ya Nazareno, "nina jozi bandani kwangu. Mpya kabisa, laini kama shavu la mtoto. Niliziweka akiba kwa ajili ya pikapu yangu. Tundu moja tu halilingani sawasawa. Ukipiga tupa saa moja, zinaingia."

Sauti ikatoka chini. "Delmira, nani anaongea hapo? Nimesikia kama kuku anayetaga."

"Ni mimi, shemeji. Yai limekuja kukuokoa."

"Heri niibebe injini begani mpaka Luján."

Mtu wa Santa Rufina, mji wao mdogo, hahitaji kuelezwa jambo hilo. Kule mtoto hubatizwa mara mbili: kanisani kwa maji, na nyumbani kwa nembo. Kuna watu wa Fundo na kuna watu wa Yai, kwa ajili ya nembo mbili za magari yanayoshindana barabarani kila Jumapili ya mbio, na hakuna aliyewahi kuhama upande akabaki na heshima yake. Delmira alizaliwa katika nyumba ya Yai, akaolewa katika nyumba ya Fundo. Siku ya harusi yake, kupe ya chungwa iliposimama mlangoni pa kanisa, baba yake alimpeleka bintiye mpaka garini akitembea kinyumenyume, asiione. Watu walicheka. Baba hakucheka. Mpaka leo, Jumapili za mbio, redio mbili zilikuwa zikilia katika mtaa huo, na Olindo na Nazareno, waliokula pamoja siku nyingine zote, siku hiyo hawakupeana hata chumvi.

"Ni raba, Nazareno," Delmira alisema. "Raba haina dini."

"Ina chuma, na chuma kimepigwa muhuri. Nimekiona."

"Nani atakwenda kutazama huko chini?"

"Mimi. Mimi nitakuwa najua."

Olindo aliinua mabega. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, dada. Zipo. Hazinywi maji wala hazili nyasi. Mkizitaka, mlango uko wazi."

Nazareno hakuzitaka. Jumanne alikwenda kwenye ghala la nafaka alikofanyia kazi maisha yake yote, akaomba kipande cha mkanda mkuukuu, ule wa raba na nyuzi unaopandisha ngano juu ya silo. Akaukata kwa kisu vipande vya ukubwa wa kiganja, akavipanga saba saba kama karata, akavitoboa kwa drili, akavibana kwa bolti katikati ya vyuma vya zamani. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Delmira alishika taa. Siku ya pili alijaribu kusali rozari kimoyomoyo huku ameishika, ili angalau wakati usipotee, lakini kila alipofika kumi la tatu la Salamu Maria aliambiwa "Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako!" na hesabu ikamtoka.

Jumamosi tarehe mbili injini ilikalia zile raba za mkanda, na hakikupasuka kitu. Nazareno aliwasha. Sauti ilikuwa nzuri. Lakini mkanda wa silo umetengenezwa kubeba tani za ngano, si kubembeleza injini. Ulikuwa mgumu kama ubao, na mtetemo wote ukapita moja kwa moja mpaka kwenye bodi. Kioo cha ndani kikaanza kucheza, meno ya Delmira yakagongana, na picha ya Mtakatifu Kristofa iliyobandikwa mbele ya usukani ikadondoka kifudifudi.

"Itazoea," Nazareno alisema.

"Nani atazoea, gari au mimi?"

"Panda, tuijaribu mpaka makaburini na kurudi. Ikifika makaburini, itafika Luján."

Delmira aliona hayo si maneno ya kumwambia mtu, lakini alipanda.

Walikwenda vizuri kilomita nne. Nazareno alinyoosha shingo, akaanza hata kupiga mluzi. Kwenye kona ya makaburi alipunguza mwendo, akatia gia ya pili, akakanyaga mafuta kama kijana, na upande wa kulia bolti ikaukata mkanda kama kisu kinavyokata jibini. Injini iliinuka, ikaegemea, feni ikaingia kwenye rejeta kwa kelele ya mabati, na maji ya moto yakaruka mpaka kwenye kioo. Walikaa ndani wakitazama mvuke. Nje, mjane mmoja aliyekuwa akipanga maua juu ya kaburi aliwapungia mkono.

Ikawa lazima wavutwe. Na saa kumi Jumamosi, wakati nusu ya mji iko kwenye viwanja vya mpira na nusu nyingine imekaa mbele ya milango, gari la pekee lenye ndoano na kamba lililopatikana lilikuwa pikapu ya Olindo. Pikapu ya Yai. Alifika akiwa na aproni yake ya buchani bado, na kusema kweli hakucheka. Alifunga kamba kwa heshima, kama mtu anayebeba jeneza.

Nazareno alikaa kwenye usukani mpaka walipoona nyumba za kwanza. Hapo akasimamisha kila kitu kwa honi.

"Delmira, njoo huku. Wewe shika usukani."

"Mimi? Mimi sijapata kuendesha hata baiskeli!"

"Huendeshi. Unavutwa. Nyoosha tu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

Nazareno alivua koti. Alipita juu ya kiti kwa taabu, mguu wake mbovu ukikwama kwenye gia, akajikunja sakafuni mbele ya kiti cha abiria, akajifunika koti.

Basi Delmira akaingia Santa Rufina akiwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, mgongo umenyooka, miwani imeteleza puani, akivutwa na pikapu ya Yai, na hakuna aliyemwona mwingine ndani. Mbele ya kilabu watu wa Fundo walisimama na kuvua kofia, kama unavyofanya maiti inapopita. Watu wa Yai walipiga makofi.

"Doña Delmira!" mmoja alipaza sauti. "Mzee amefariki au ameona aibu?"

"Amelala!" alijibu Delmira, maana hakutaka kusema uongo, na kwa kweli Nazareno alikuwa amelala, ubavu, chini.

Kutoka chini ya koti: "Nyoosha usukani."

"Nyamaza wewe, maiti haisemi."

Jumapili hawakusemezana. Jumatatu Nazareno aliziba matundu ya rejeta kwa risasi iliyoyeyushwa kwa moto wa gesi, akaijaza maji, haikuvuja. Jumanne asubuhi Delmira alimwona anatoka na kisu kwenda tena ghalani kuomba kipande kingine cha mkanda, na moyo ukamshuka kama ndoo kisimani. Alivaa koti lake jeusi, akaenda kwa Padri Evaristo.

Padri alikuwa mzee mwenye masikio makubwa, na alisikiliza yote bila kukatiza, ila Delmira alipofika pale pa Nazareno chini ya koti, Padri alitafuta leso ya kufichia kicheko.

"Nadhiri inaweza kubadilishwa, binti yangu," alisema mwishowe. "Kanisa si jela. Basi la parokia linaondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, kiti kipo. Nenda na basi, toa sadaka kidogo kwa wagonjwa, na Mama Bikira atapokea. Lakini niambie. Ulipomwahidi kwamba Nazareno atakuendesha, Nazareno mwenyewe alikubali?"

"Alikuwa amezimia, Padri."

"Kwa hiyo ulimfunga mtu aliyezimia."

"Nilimfunga, Padri. Nilidhani nikimfunga hatakufa."

Padri alisimama. Alimwekea mkono kichwani, akambariki, akaandika jina lake kwenye orodha ya basi.

Delmira aliificha habari hiyo siku nzima na kesho yake, kama mtu aliyeficha mkate mfukoni na hawezi kuula. Jumatano jioni mvua ilinyesha. Alikaanga maandazi bapa ya siku ya mvua, akapika supu ya mifupa na maboga, akamwita mumewe mezani. Nazareno aliingia akinuka raba iliyoungua, vidole vimekatwakatwa.

"Nimeongeza vipande," alisema. "Tisa badala ya saba, na waya katikati."

"Padri amenibadilishia nadhiri," alisema Delmira. "Nitakwenda na basi."

Nazareno aliweka kijiko chini. "Na basi."

"La parokia. Keshokutwa."

"Utamwambia nini ukifika? Kwamba mimi niliinuka lakini Alazana haikuinuka?"

"Nitamwambia ukweli. Kwamba mume wangu aliona heri nadhiri ivunjike kuliko raba ya Yai iliguse gari lake."

"Hayo si kweli."

"Basi yafanye yasiwe kweli!"

Delmira hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Watoto aliowafundisha katekisimu waliweza kumpanda kichwani akabaki akitabasamu. Lakini jioni ile alikuwa tayari amesimama, mwiko mkononi.

"Mimi sikumwomba Mama Bikira mauntingi! Nilimwomba mume. Siku kumi na moja sikula, nimeshika rozari. Akanipa mume. Na huyo mume, tangu ainuke kitandani, amekwenda kulala tena, chini ya gari! Na mimi nimeshika taa! Kushoto, kulia, juu, chini! Nimechoka, Nazareno. Nimechoka na Fundo, nimechoka na Yai, nimechoka kuzungumza na viatu!"

Akavua aproni. Akatoka na kandambili zake kwenye mvua, akavuka barabara.

Olindo alikuwa mezani na wanawe. "Dada! Umelowa!"

"Nipe zile raba."

"Amekubali?"

"Sijamuuliza."

Sharubu za Olindo zikatikisika. "Nije? Nije nishuhudie tu, sitasema neno, naapa."

"Olindo, mimi nilikuogesha ukiwa hujui kushika kijiko. Zilete, unyamaze."

Alizileta ndani ya karatasi ya buchani, zimefungwa kamba kama kilo mbili za mbavu. Delmira alirudi nazo, akaifungua karatasi, akaziweka raba mbili katikati ya meza, kati ya bakuli la supu na sahani ya maandazi, akaketi, akaanza kula.

Nazareno alizitazama muda mrefu. Kwenye kila chuma palikuwa na muhuri mdogo wa Yai, safi, unang'aa. Alinyoosha kidole, akaigeuza ya kwanza, muhuri ukatazama chini. Akaigeuza ya pili. Akala andazi. Akala la pili. Akabonyeza raba moja kwa gumba, ikaingia, ikarudi. Akabonyeza tena.

"Tupa ya duara iko wapi?" aliuliza, bila kumtazama.

"Ulipoiweka."

Alhamisi, baada ya kibuyu cha asubuhi, Nazareno alisugua lile tundu saa moja na nusu. Akainua injini, akazitia, akairegeza jeki. Hazikulia. Bolti hakuzikaza, aliziacha legelege, akawasha injini, akaiacha itafute mahali pake yenyewe, ndipo akazima na kukaza moja moja. Delmira alimulika. Hakuambiwa kushoto wala kulia. Baadaye, alipodhani mkewe ametazama pembeni, Nazareno alichota grisi kwa vidole akaipaka juu ya mihuri yote miwili, nene, kama mtu anayefunika kidonda.

Aliwasha tena. Vikombe havikugongana. Alazana ilinguruma chini kwa chini, kama paka aliyeshiba.

"Imetulia," alisema Delmira.

"Imetulia mno," alisema Nazareno, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Ijumaa walitoka nyuma kidogo ya basi la parokia, wakalipita njiani kabla ya jua kupanda vizuri. Waliokuwa ndani walipunga vitambaa. Saa tatu za barabara, Nazareno hakusema maneno kumi. Delmira aliona kinachomsumbua. Katika miaka yote aliyolijua gari lile halikuwahi kwenda laini kiasi hicho, hata lilipokuwa jipya, na kila kilomita iliyopita kwa upole ilikuwa ni tusi jipya. Alipojaribu kusema "Unaona?" mumewe aliongeza sauti ya redio.

Mbele ya basilika ya Luján uwanja ulijaa magari kwa ajili ya baraka: malori, teksi, matrekta, mikokoteni miwili ya farasi, na upande mmoja kupe nyingi za kizamani zimeng'arishwa, nyingi zao za Fundo. Kila mmoja alikuwa amefungua boneti, maji ya baraka yafike mpaka kwenye injini. Padri kijana alipita na ndoo na mfagio mdogo. Alipofika kwa Alazana, boneti ilikuwa imefungwa.

"Fungua, mzee."

"Kitasa kimekwama, Padri," alisema Nazareno. "Wewe nyunyiza juu juu tu."

Delmira alimtazama. Nyuma yao lori lilipiga honi. Mwenye kupe ya jirani, mtu wa Fundo mwenye kofia ya mistari, alikwisha kusogea. "Nikusaidie, ndugu? Yangu nayo hukwama."

"Haina haja."

"Nazareno," alisema Delmira polepole, "uko mbele ya nyumba ya Mama."

Nazareno akavuta kitasa. Boneti ikainuka bila shida hata kidogo. Padri akanyunyiza, huku na huku, akasali, akapita. Mtu wa kofia ya mistari akainama ndani, kwa macho ya mtu anayejua.

"Inakaa vizuri hii! Ya kwangu inaruka kama mwehu. Mauntingi hizi umezipata wapi?"

Nazareno alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Muulize mke wangu. Yeye ndiye aliyezitafuta."

"Kwa mwuza nyama," alisema Delmira, akamwacha yule mtu akicheka, akidhani ametaniwa. Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda zake kupanga foleni.

Foleni ilizunguka nguzo mbili na kupanda ngazi. Kwa miezi kumi na moja Delmira alikuwa ameyatengeneza maneno ya shukrani, ameyapiga pasi, ameyakunja. Aliyajua kwa moyo. Saa nzima na zaidi alisogea hatua hatua, mpaka akafika mbele ya ile sanamu ndogo yenye joho la buluu na nyeupe, ndogo kuliko alivyoikumbuka, na akapiga magoti.

"Mama, nimefika," alisema. "Nimefika, lakini ngoja kwanza nikwambie."

Akamwambia. Jozi ya kwanza na ya pili, na ile biskuti. Taa na kushoto na kulia. Mkanda wa silo. Makaburi, mvuke, koti, usukani. Watu waliovua kofia. Akamwambia kwamba Nazareno ni mkaidi kuliko nyumbu, kwamba alikuwa mkaidi kabla hajaanguka na kwamba alipoanguka kichwa kilizidi kuwa kigumu, na kwamba leo hii amemdanganya padri mbele ya mlango wa kanisa. Alipofika kwenye boneti, mlinzi mwenye beji alimgusa bega.

"Songa mbele, mama. Wengine wanangoja."

Akasongezwa. Alikuwa nje kwenye mwanga wa uwanja kabla hajajua miguu yake imemfikisha wapi. Nazareno alikuwa amesimama chini ya ngazi, kofia mkononi, grisi bado imo kwenye kucha zote.

"Haya, umemaliza? Umeshukuru? Twende tukale, njaa inaniua."

Delmira alikaza kitambaa chake kichwani.

"Umeshukuru?" Nazareno aliuliza tena.

"Bado."

"Bado? Saa nzima na ushee ulikuwa unafanya nini mle ndani?"

"Nilikuwa namweleza habari zako. Nafasi ikaisha."

Nazareno aligeuka. Alitazama foleni, ambayo sasa ilikuwa imetoka nje ya mlango na kushuka mpaka kwenye mawe ya uwanja. "Ile ni foleni ya saa mbili, Delmira."

"Basi utaningoja saa mbili. Au uje umwambie mwenyewe. Wewe ndiye uliyeinuliwa."

Akageuka, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya mwanamke aliyebeba mtoto. Baada ya muda alisikia mguu mmoja ukiburutwa kidogo juu ya mawe, kisha pumzi ya Nazareno kisogoni mwake.

"Haisogei hii," alinung'unika. "Huko mbele wanafanya nini? Kila mtu na hadithi yake ya maisha."

Delmira alifumba macho. Alikuwa ameshaanza kuyarudia kimoyomoyo yale maneno yake ya shukrani, tangu neno la kwanza, ili safari hii asikosee.